Vidonge vya kumbukumbu kwa mama wa miaka 71: ninunue au niache?

BintiUmoja:
Wadau, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye hapa Umoja tangu mzee atutoke. Siku hizi amekuwa msahaulifu. Swali moja analiuliza mara mbili kabla chai haijapoa, simu anaiacha juu ya friji halafu nyumba nzima inatumwa kuitafuta, na akitaka kumwita mjukuu anataja majina ya wote mpaka amfikie anayemtaka. Lakini pesa za chama bado anazihesabu kichwani, mpunje shilingi hamsini uone. Anapika, anapanda matatu peke yake hadi kanisani na kurudi, hajapotea hata siku moja.

Sasa kuna muumini mwenzake anauza vidonge vya mojawapo ya hizi kampuni za kusajiliana. Chupa ya mwezi ni 4,500. Eti ndani kuna ginko (majani ya mti wa Uchina), omega 3 na "mitishamba ya kusafisha mishipa ya ubongo". Amemwambia mama asipoanza sasa hivi, mwaka ujao hatawajua watoto wake. Mama ameingiwa na hofu, kila jioni ananikumbusha nimtumie yule mama pesa (hilo halisahau!). Kaka yangu aliye Marekani naye anataka kutuma Prevagen, ile inayotangazwa sana kwenye televisheni za kule. Mama ana sukari na presha, dawa zake anameza vizuri. Nauliza wenye ujuzi. Wenye bidhaa wanisamehe.

MamaTatu_SouthB:
Naweka kiti hapa nisome. Mama mkwe wangu alitumia za ginko hadi chupa tukazigeuza za kuwekea pilipili. Usahaulifu uko palepale, pesa ndizo zimeenda.

AfyaTele254:
Dada usivunjwe moyo na watu ambao hawakufuata dozi. Bidhaa yetu ni ya asili asilimia mia, haina madhara, imesaidia wazee wengi Nairobi na Kiambu. Inatibu chanzo, haitulizi dalili tu. Njoo faragha nikupe bei ya wanachama. [namba ya simu imeondolewa na msimamizi]

Mfamasia_Ngara:
BintiUmoja, msalimie mama. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka mingi na vidonge vya kumbukumbu nauza, viko kwenye rafu ya pili, kwa hiyo siongei kwa wivu wa biashara.

Nianze na ginko maana ndiyo iliyochunguzwa kwa kina zaidi. Marekani walichukua wazee 3,069 wa miaka 75 kwenda juu. Kundi moja likapewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, jingine vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6. Matokeo yalitoka 2008: walioishia kupata dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, walikaribiana pande zote mbili. Mwaka uliofuata wakatazama kumbukumbu yenyewe, jinsi inavyopungua polepole kwa mtu ambaye bado anajiweza, na hiyo ndiyo hali ya mama yako. Tofauti haikuonekana. Wafaransa nao walifanya wa kwao, wazee zaidi ya 2,800 ambao wenyewe walimwambia daktari kwamba wanasahau. Majibu yalichapishwa 2012, na ginko haikuwakinga.

Prevagen ni hadithi nyingine. Kiungo chake ni protini iitwayo apoekworini, iliyogunduliwa kwanza kwa aina ya kiwavi wa baharini anayetoa mwanga, wale wanaowasha ukiogelea. Ukimeza protini, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharagwe. Utafiti wa kampuni yenyewe ulikuwa na watu 218, na kwa jumla waliomeza dawa hawakuwashinda wale wengine. Wakakata kata matokeo katika makundi madogo madogo hadi wakapata yaliyopendeza, hayo ndiyo yakaingia kwenye matangazo. Januari 2017 tume ya biashara ya Marekani pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York wakawashtaki. Kesi iliburutwa mpaka 2024, na Desemba mwaka huo mahakama ikawakataza kudai kwamba bidhaa hiyo inaboresha kumbukumbu. Kuiuza hawakukatazwa. Mwambie kaka.

Watu huuliza, sasa ilipitaje kuuzwa? Kwa sheria yao ya 1994, saplimenti, yaani vidonge vya nyongeza ya chakula, haihitaji kuthibitishwa kwamba inafanya kazi kabla ya kuingia dukani. Mwenye chupa anaruhusiwa kuandika "husaidia kumbukumbu", mradi asiandike "hutibu dimenshia". Ukisoma lebo kwa makini utaona wanavyokwepa.

AfyaTele254:
Daktari, hizo ni tafiti za wazungu na mwili wa Mwafrika ni tofauti. Pia kampuni kubwa za dawa hazitaki watu wapone.

Mfamasia_Ngara:
Sawa ndugu. Lete utafiti wenu wa Waafrika basi, tutausoma hapa hapa mbele ya wote. Na unitajie namba ya usajili wa bidhaa yako kwa Bodi ya Dawa na Sumu, tuitafute pamoja.

MzeeWaReli:
Wanangu, mimi nina miaka 68, niko Makongeni. Nimekuwa nikimeza hiyo ginko kimyakimya, nilinunua River Road. Pia nameza aspirini ndogo ya moyo niliyopewa kliniki. Hivi karibuni nikigonga mkono kidogo tu kwenye mlango, ngozi inaweka alama nyeusi kubwa. Sikuwa nimeunganisha haya mambo. Yana uhusiano?

Mfamasia_Ngara:
Shikamoo mzee. Huenda yana uhusiano, huenda ni aspirini peke yake, kwa sababu ngozi ya umri wako huchubuka upesi. Katika ule utafiti wa watu 3,069 kuvuja damu kwa jumla hakukuzidi, lakini ginko haishauriwi pamoja na dawa zinazozuia damu kuganda, hasa warfarini, na kwa aspirini pia tunaogopa. Acha ginko. Aspirini USIACHE kwa uamuzi wako, rudi kliniki uwaonyeshe hizo alama na uwaambie ulichokuwa unameza. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje siku ya kliniki.

BintiUmoja, nina ombi. Leo usiku chukua dawa ZOTE anazomeza mama uzimwage mezani. Usichukue za kliniki tu. Weka na za kikohozi, za kulala, za mafua, za tumbo, za kupewa na jirani. Halafu uandike hapa.

BintiUmoja:
Nimezimwaga. Anaziweka kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati la vyombo, nyingine zimekatwa kutoka kwa karatasi yake hata jina huoni vizuri. Zilizomo: metfomini (miaka mingi, tangu agundulike na sukari), amlodipini ya presha, omeprazoli ya kiungulia ambayo alipewa zamani akaendelea kujinunulia, amitriptilini ndogo ya usiku kwa sababu ya miguu kuwaka moto na ganzi, na Piriton. Piriton ni nyingi, amezifunga kwa karatasi ya nailoni. Nimemuuliza za nini, akasema "za usingizi". Kumbe humeza moja kila usiku, wakati mwingine mbili, na duka la hapa chini linamuuzia bila swali.

Pia mama ni Msabato na hali nyama kabisa, na samaki aliacha. Maziwa ni ya chai tu.

Mfamasia_Ngara:
Dada, huo mkebe una habari nyingi kuliko chupa ya 4,500.

Piriton kwanza. Ni dawa nzuri ya mzio kwa kijana. Kwa mzee, inaziba kemikali moja ya ubongo iitwayo asetilikolini, ambayo ndiyo ubongo huitumia kushika mambo mapya. Amitriptilini nayo inaziba hiyo hiyo. Kwa hiyo mama kila usiku anameza dawa mbili zinazovuta kumbukumbu upande mmoja, halafu tunataka kumpa ya tatu ivute upande wa pili. Kuna orodha ya madaktari wa wazee wa Marekani, inaitwa ya Beers, ilihuishwa 2023, inayotaja dawa zisizowafaa wazee: Piriton na wenzake wa kizazi cha kwanza wamo, amitriptilini imo. Hapa kwetu tunaiuza kama peremende.

Sasa metfomini. Ni dawa nzuri ya sukari, asije mtu akaiacha kwa ajili ya uzi huu! Lakini ukiitumia miaka mingi, inapunguza uwezo wa utumbo kuchukua vitamini B12. Mwaka 2022 wadhibiti wa dawa wa Uingereza waliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mtu wa metfomini mwenye dalili. Omeprazoli ya muda mrefu nayo inapunguza asidi ya tumbo, ambayo ndiyo huitoa B12 kwenye chakula. Na B12 yenyewe inapatikana kwa nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, mboga hazina. Kwa mama milango yote mitatu imefungwa kwa pamoja.

Upungufu wa B12 huleta nini? Usahaulifu, uchovu, huzuni, na GANZI NA KUWAKA MIGUUNI. Watu wa sukari wakilalamika miguu tunasema ni sukari, tunaandika amitriptilini, mazungumzo yameisha. Inaweza kuwa sukari kweli. Inaweza kuwa B12. Inaweza kuwa zote mbili. Kipimo ni cha damu. Piga simu maabara mbili tatu kabla ya kwenda kwa sababu bei zinapishana sana, na umwombe daktari aongeze kipimo cha damu kwa jumla na cha tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikilegea humfanya mtu asahau. Amitriptilini isikatwe ghafla, daktari ataishusha.

Mlevi_wa_Kahawa:
Kwa hiyo saplimenti zote ni uongo? Nilisoma mahali kwamba multivitamini za kawaida zimeonyesha kitu. Msitupige na msimamo mmoja.

Mfamasia_Ngara:
Sijasema zote, na nashukuru umeuliza. Utafiti unaouzungumzia unaitwa COSMOS. Moja ya matawi yake, lililotoka 2022, lilikuwa na watu 2,262 wa miaka 65 na zaidi, wakafuatiliwa miaka 3. Waliomeza multivitamini ya kila siku walifanya vizuri kidogo kwenye vipimo vya akili kuliko wale wa vidonge vitupu. Kakao, ambayo ndiyo walitarajia, haikufanya kitu. Tawi la pili, watu 3,562, lilitoka 2023 na nalo likaona nafuu ya kumbukumbu. Huo ni ushahidi mzuri kuliko wa chupa yoyote yenye picha ya ubongo. Lakini nafuu yenyewe ni ndogo, unaiona kwenye takwimu za kundi, si jikoni kwako. Wengi waliochunguzwa ni Wamarekani weupe, na haijaonyeshwa kwamba inazuia dimenshia. Vidonge vilitolewa na kampuni ya dawa na sehemu ya fedha ilitoka kwa kampuni ya chokoleti, ingawa hilo halitoshi kuyatupa matokeo. Mzee akitaka kumeza multivitamini ya kawaida ya bei nafuu, mimi simkatazi. Ninachopinga ni kuuziwa kitu hicho hicho mara tano ya bei kwa kubandikwa neno "ubongo".

B12 pia ina utafiti wake wa Oxford, 2010: wazee waliokuwa na usahaulifu uliozidi wa umri wao walipewa B12, B6 na asidi foliki, na ubongo wao ukasinyaa polepole zaidi, hasa wale waliokuwa na homosisteini nyingi kwenye damu, kemikali inayopanda vitamini hizo zikipungua. Mwenye upungufu anafaidika. Aliyejaa unamwagia maji kwenye mtungi uliojaa.

Omega 3: kule Marekani wazee karibu 4,000 wenye ugonjwa wa macho walipewa kwa miaka 5, kumbukumbu haikubadilika. Kula omena wako kwa raha zako, vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya akili sijaona sababu. Vitamini E ya dozi kubwa ndiyo kabisa msiiguse: utafiti mwingine wa wanaume, yuniti 400 kwa siku, uliishia na saratani ya tezi dume kuongezeka kwa asilimia 17. MzeeWaReli unisikie.

JiraniWaPumwani:
Assalam aleikum. Mie naongeza dogo. Bi mkubwa wangu tulimdhania amepotewa na akili, aambiwa jambo asubuhi, adhuhuri hana habari nalo. Mara ajibu mambo mengine kabisa. Ukapita muda hivyo, kila mtu amechoka, mpaka mjukuu akamwona anageuza kichwa upande mmoja kila akisemeshwa. Tukampeleka. Sikio la kulia limejaa nta ngumu, la kushoto halisikii vizuri. Jambo hulisahau vipi ambalo hukulisikia? Nta ilipotolewa alinuna siku nzima, asema twapiga kelele.

Muuguzi_Kayole:
😂 Pole sana Bi mkubwa. Na hilo si dogo. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia ambayo yanaweza kushughulikiwa, na yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutosikia kumo, na kutoona vizuri, presha, sukari, mafuta mabaya ya damu, kuvuta sigara, pombe, kuumia kichwa, huzuni, upweke, hata hewa chafu, na sisi wa Outer Ring tunajua hewa chafu ni nini. Saplimenti haimo.

BintiUmoja, umesema mnaishi na mama tangu baba awatoke. Polepole muulize analalaje, anakula kama zamani, bado anacheka? Huzuni ya mjane inaweza kujificha ndani ya usahaulifu, na mtu asiyelala ndiye anayetafuta Piriton.

Nami nionye kidogo kwa wanaosoma. Ulichokieleza, majina na simu juu ya friji, ni cha umri mara nyingi. Ninachokiogopa ni mtu kupotea njia anayoijua, kushindwa na kazi aliyoifanya maisha yake yote (mpishi asiyejua chapati inaanzia wapi), pesa kumchanganya, au tabia kubadilika. Hapo ni daktari, na Nairobi wapo wa mishipa ya fahamu na wa wazee. Akichanganyikiwa GHAFLA, kwa siku moja au mbili, msiite ni uzee: angalia sukari iliyoshuka, maambukizi ya mkojo, kiharusi, au kama alianguka akagonga kichwa hata wiki kadhaa nyuma, maana damu huvuja polepole ndani ya fuvu.

MamaTatu_SouthB:
Hapo kwa presha, inafaa ishuke mpaka wapi?

Muuguzi_Kayole:
Kuna utafiti mkubwa, watu 9,361, uliotoka 2019. Waliolengwa namba ya juu ya presha ibaki chini ya 120 walipata usahaulifu wa kiwango cha ugonjwa mdogo kwa asilimia 19 pungufu kuliko waliolengwa chini ya 140. Ila wenye sukari hawakuingizwa mle, na mzee ukimshusha kupita kiasi anaanguka bafuni. Lengo la mama wa BintiUmoja liwekwe na daktari wake. Mashine ya nyumbani ya kupimia presha mkononi ni ya kufaa kuliko chupa moja ya yule mama wa kanisa, na inadumu.

AfyaTele254:
Mnaharibu riziki za watu.

BintiUmoja:
Narudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa. Tulienda. B12 ya mama ilikuwa 168, na karatasi ya maabara ilionyesha inafaa izidi 200. Tezi iko sawa. Daktari ameanza sindano za B12, omeprazoli ameisimamisha aone kama kiungulia kitarudi, amitriptilini ataishusha taratibu. Piriton niliitoa mimi mwenyewe kwenye mkebe na nikaenda kuongea na yule wa duka la chini, kwa upole, akaelewa. Usiku wa kwanza kwanza alilala vibaya na akanilaumu. Sasa analala.

Swali la mara mbili bado lipo, nisidanganye. Ila asubuhi anaamka akiwa mchangamfu, zamani alikuwa anakaa kitandani kama aliyelewa hadi saa tatu. Miguu anasema inawaka kidogo zaidi ya mwanzo, daktari alishaniambia neva zikianza kuamka huwa hivyo kwa wengine, tungoje. Kaka ametuma pesa za maabara badala ya Prevagen. Kwa yule mama wa kanisa, mama alimwambia "daktari amenikataza", basi ugomvi ukaelekezwa kwa daktari, na wao Sabato wanakaa benchi moja kama kawaida.

MzeeWaReli:
Hongera binti. Mimi ginko nimeacha, kliniki wamenikagua. Sasa nimeona dukani vidonge vya neva, vina B1, B6 na B12 pamoja, muuzaji ananiambia nimeze daima kwa sababu vitamini haidhuru. B12 yangu imepimwa iko sawa. Nimeze?

Mfamasia_Ngara:
Usimeze, mzee. Geuza pakiti usome B6, wakati mwingine imeandikwa piridoksini. Umri wako unahitaji kama miligramu 1.7 kwa siku. Vingi vya hivyo vya neva vina 100 au 200 kwa kidonge kimoja. Wataalamu wa chakula wa Ulaya mwaka 2023 waliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima, Marekani wanaruhusu hadi 100. B6 nyingi kwa miezi mingi huharibu neva, na dalili yake ni ganzi ya miguu na mikono. Mtu anahisi ganzi, anaongeza vidonge vya neva, ganzi inazidi. BintiUmoja, hata mama akimaliza sindano na kuhamishiwa vidonge, omba B12 peke yake, maikrogramu 1,000, isiyochanganywa na kitu.

BintiUmoja:
Nimepiga picha hilo jibu, naenda nalo kliniki.